Mji Uliozaliwa na Kuni: Shajara ya Ubao wa Londiani

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mbao zimefika. Ni nne za saiprasi, futi kumi kila moja, zimerandwa upande mmoja tu kwa kuwa upande wa pili utakaa ukutani. Nimezipanga chini ya paa la jikoni kwa mama, juu ya vijiti, zikauke taratibu zisije zikajikunja. Fundi aliyeniuzia amenionya nisiziguse kwa rangi kabla ya miezi mitatu. Basi nina miezi mitatu ya kutafuta maneno ya kuandika juu yake.

Mradi wenyewe ni huu: ubao wa historia ya mji wetu wa Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, utakaotundikwa kwenye ukuta wa nje wa shule ya msingi niliyosomea, upande unaotazama reli. Wazo lilinijia Novemba iliyopita nilipoalikwa kuzungumza na darasa la sita. Niliwauliza mji wao ulianzishwa na nani. Mkono wa kwanza ulisema, "Wazungu." Wa pili ukasema, "Serikali." Mtoto mmoja akasema mji haukuanzishwa na mtu, ulikuwapo tu. Nilirudi nyumbani nimeumia. Babu yangu alitoka Maragoli akiwa kijana, akaja hapa kufanya kazi ya reli, akazeekea katika chumba kimoja cha landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na hakuna mahali popote mjini palipoandikwa kwamba mtu wa namna yake aliwahi kuishi hapa.

Mstari wa kwanza nimeuandika kwa penseli kwenye daftari: "Londiani ilianza mwaka 1901, reli ilipofika."

Jumamosi, 25 Januari

Leo nimetembea kando ya reli tangu asubuhi, nikaanzia stesheni, nikaelekea upande wa Kisumu hadi miguu ikakataa. Nilitaka nione kwa macho kile nilichokisoma.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899, Nakuru mwaka uliofuata, kisha ikaukabili ukuta wa Mau. Desemba 1901 ikagusa ziwa pale palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Kwa hiyo ni katika mwaka huo mmoja wa 1901 ndipo chuma kilipopita hapa kwetu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, kikitoka kwenye kilele cha Mau Summit kilicho juu zaidi na kuanza kuteremka kuelekea bonde la Nyando. Mteremko huo una makorongo yasiyohesabika, na ndiyo maana upande huu wa Mau yalijengwa madaraja marefu ya chuma 27. Yaliletwa na kampuni ya American Bridge kutoka Marekani, vyuma vikaja vimekwisha kutobolewa, kazi ya hapa ikawa kuviunganisha.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wa hapa hawalijui, nami nalipenda sana: gari la moshi la kwanza lilipopita Londiani, Londiani haikuwa Kenya. Upande huu wote wa magharibi ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Nitaliweka kwenye ubao, najua watoto watalifurahia.

Nimerekebisha pia kosa langu la miaka mingi. Siku zote nilidhani msitu ulikatwa ili kupata mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Nimepiga magoti njiani na kuyatazama: chuma, chuma, chuma. Sehemu kubwa ya reli hii ililazwa juu ya mataruma ya chuma kwa sababu mchwa wangeitafuna miti kabla kazi haijafika mbali. Basi msitu ulikwenda wapi? Kutoka stesheni hadi unapoanza msitu leo ni mwendo wa kutosha kuchosha mtu, na wazee wote wanasema zamani miti ilikuwa mlangoni.

Jumapili, 9 Februari

Leo ndiyo siku ambayo mradi umenigeukia.

Nilikwenda kwa bibi mmoja anayeishi nje kidogo ya mji. Ana miaka 88, macho yamepungua lakini kumbukumbu iko timamu. Alizaliwa katika kijiji cha msituni. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Shosho, nimekuja unipe habari za reli."

Akanijibu, "Reli haina habari, mjukuu wangu. Kaa nikupe habari za kuni."

Nikakaa, na saa mbili zikapita.

Baba yake alikuwa mkata kuni za reli. Kuni hizo hazikuwa za jikoni. Gari la moshi lenyewe lilikula kuni. Mombasa iko mbali, na makaa ya mawe yangelazimika kuja kwa meli kisha yapandishwe njia yote hii hadi nyanda za juu kwa gharama kubwa, ilhali hapa msitu ulikuwa pande zote mbili za njia. Kwa hiyo injini zilichochewa kwa miti. Na kuni si kama makaa: huungua upesi, hujaza nafasi kubwa, na nguvu yake kwa kila debe ni ndogo. Injini haiwezi kubeba kuni za safari nzima. Inalazimika kusimama tena na tena, ipakiwe, inywe maji, iendelee. Palipokuwa na maji karibu na msitu, pakawekwa stesheni. Palipowekwa stesheni, pakahitajika mpango wa kuni, yaani rundo lililopangwa kwa kipimo, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Na penye mpango wa kuni lazima pawepo watu wa kukata, watu wa kubeba, watu wa kupanga, na mtu wa kuwapikia.

Sasa tazama jinsi nchi ilivyolala. Gari linalotoka Kisumu huanza kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei kando ya ziwa, na hadi Mau Summit linapanda hata kupita mita 2,500. Likifika huku kwetu limekwisha kula tumbo zima la kuni, na kilele bado kiko mbele. Shosho alilieleza kwa namna yake: "Lilikuja linapumua kama ng'ombe wa kuzaa. Kabla halijasimama, wanaume walikuwa wamekwisha kushika magogo."

Alinieleza kipimo. Kuni zililipwa kwa mpango, si kwa siku. Nyapara alikuja na fimbo yake, akapima urefu, kimo na upana. Ukiwa umepanga kwa ujanja ukaacha mapengo katikati, alisukuma kwa mguu, mpango ukianguka hulipwi hadi uupange upya. Magogo yalikatwa kwa urefu mmoja ili yaingie mlango wa tanuri. Gogo refu kupita kiasi lilirudishwa.

Nimefika nyumbani usiku. Nimeufungua ule mstari wa kwanza wa daftari na kuutazama muda mrefu. "Reli ilipofika." Reli haikuumba mji, ilipita tu, kama ilivyopita mamia ya mahali pengine njiani bila kuacha hata kibanda. Kilichowaketisha watu hapa ni njaa ya tanuri lile. Nimeufuta mstari.

Jumamosi, 1 Machi

Jaribio. Jirani alikuwa na mkaratusi ulioangushwa na upepo, akatuuzia shina. Mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na tisa tumejaribu kutengeneza mpango mmoja wa kuni wa mita moja kila upande, kwa shoka, msumeno wa mkono na kabari za chuma, bila mashine.

Tulianza saa mbili asubuhi. Tumemaliza saa kumi na moja jioni kasoro, pamoja na chakula cha mchana. Viganja vya mpwa wangu vimetoka malengelenge, vyangu vimepasuka. Nimepiga picha ya mpango huo akiwa amesimama kando yake, unamfika tumboni. Picha hiyo itakwenda kwenye ubao, kwa sababu mtoto akisoma "walikata kuni" haoni kitu, lakini akiona rundo hilo na kuambiwa kwamba ni kazi ya watu wawili kutwa, ataelewa uzito wake.

Jumamosi, 22 Machi

Siku nne Nairobi. Nimelala kwa binamu yangu Kariobangi.

Siku mbili za kwanza niliketi katika Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Nilisoma ripoti za mwaka za Idara ya Misitu. Idara hiyo ilianza mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya chuma kufika ziwani, na jambo hilo si la bahati. Serikali ilikuwa imetumia mamilioni ya pauni kujenga njia, na ghafla ikaona kwamba njia hiyo inaweza kufa njaa. Ripoti zinataja kuni za reli tena na tena. Wanaulizana msitu wa asili utadumu miaka mingapi kando ya njia, wapande nini badala yake, nani apande. Ndipo ikaja mikaratusi na miwati, mashamba mazima ya miti ya kigeni kando ya reli, yaliyopandwa kwa nia moja tu ya kuchomwa. Ile mikaratusi mikubwa ambayo sisi huidhania ni ya tangu Adamu, asili yake ni chakula cha injini.

Na jibu la "nani apande" ndilo lililoleta kijiji cha akina Shosho. Mwaka 1910 ulianza mpango ambao watu wa hapa bado wanauita kwa jina lake la Kiswahili hata wakizungumza Kiingereza: mfumo wa shamba. Familia ilipewa kipande cha msitu uliokwisha kukatwa. Ililima mahindi, viazi na maharagwe, na katikati ya mimea hiyo ikapanda miche ya Idara na kuipalilia. Baada ya miaka miwili au mitatu miche ikawa mirefu, kivuli kikafunika, familia ikahamishiwa kipande kingine. Kwa kubadilishana, mwanamume alitoa kazi ya msitu kwa miezi tisa ya mwaka. Nyumba, shule, shamba, vyote vilikuwa juu ya ardhi isiyo yake.

Nimekaa na karatasi hizo nikafikiri: hawa ndio waliopanda karibu kila mti mnyoofu tunaouona leo. Katika ripoti wao ni tarakimu. Ofisa wa misitu ana jina, mhandisi ana jina, hata mti una jina la Kilatini.

Siku ya tatu Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Nilitaka kuona tanuri. Nilisimama mbele ya Mount Gelai, ile injini kubwa ya mvuke ya aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34 mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, tani zaidi ya 250 kila moja, juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Mtu huhisi mdogo kando yake. Lakini hii haikuwahi kula kuni za Londiani, ilizaliwa na kichomeo cha mafuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia reli ilianza kuachana na kuni, na ndani ya miaka michache kazi ya baba yake Shosho ikaisha. Mlinzi mmoja mwema alinionyesha injini za zamani zaidi. Nilipima mlango wa tanuri kwa mkono, shubiri kwa shubiri, nikakumbuka lile gogo refu lililorudishwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua ya masika imeshika. Mbao ziko salama lakini mimi nimepata hasara: simu iliingia maji, na sauti ya Shosho ya Februari, zile saa mbili zote, imepotea. Fundi wa simu amejaribu siku tatu. Sikuwa nimehifadhi nakala mahali pengine. Nilikuwa na daftari tu, na daftari halina sauti.

Nilirudi kwake Ijumaa Kuu kuomba radhi. Hakukasirika. Akasema, "Ya kwanza nilikuambia ya wanaume, kwa sababu uliuliza kama mwanamume. Leo nitakuambia ya mama yangu."

Mama yake hakuandikwa popote kuwa mfanyakazi. Lakini mume alipokata, yeye alibeba. Kuni hazikukatwa kando ya reli siku zote. Kadiri miti ilivyorudi nyuma, ndivyo njia ya kubeba ilivyorefuka. Walibeba kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso, mtoto kifuani. Msimu wa miche, wanawake na watoto ndio waliokuwa kitaluni wakijaza udongo na kumwagilia. Kiangazi, cheche za injini ziliporuka na kuwasha nyasi kando ya njia, kengele ilipigwa na kila mtu akatoka na tawi bichi kuupiga moto, mwenye mimba na asiye na mimba.

Nimeweka nakala mara tatu: kwenye simu mpya, kwa mpwa wangu, na kwenye kompyuta ya shule.

Kwa upande wa ubao, wiki hii nimeandika sehemu ya magari ya ng'ombe, kwa sababu haiwezekani kuiruka. Kwa miaka mingi Londiani ilikuwa mlango wa Uasin Gishu. Aliyetaka kwenda mahali pale palipokuwa pakiitwa Sitini na Nne, kwa namba ya shamba, ndiyo Eldoret ya leo, alishuka hapa na kupakia mizigo yake kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, akaelekea Timboroa na Burnt Forest. Masika kama haya tuliyo nayo, safari hiyo ilikuwa ya wiki kadhaa, magurudumu yamezama hadi kwenye ekseli. Mji ulinenepa kwa sababu ya matope hayo: maduka ya Wahindi, mafundi wa magurudumu, malisho ya ng'ombe. Wengi wa wenye maduka walikuja kwa njia ileile ya reli. Takriban watu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, karibu 2,500 wakafia kazini, na elfu kadhaa wakabaki nchini.

Kisha 1921 ilianza kujengwa njia mpya kutoka Nakuru moja kwa moja hadi Eldoret, ikafika 1924. Ikawa ndiyo njia kuu ya Uganda, ikaingia Kampala 1931. Yetu ikageuka tawi la kwenda ziwani. Magari ya ng'ombe yakatoweka. Wanaoandika kuhusu Londiani wengi huishia hapo, kana kwamba mji ulikufa. Haukufa, kwa sababu injini za Kisumu ziliendelea kuona njaa, na msitu uliendelea kuhitaji mikono. Kulikuwa na mashine za kupasua mbao, kulikuwa na nguzo, kulikuwa na miche. Mtarakwa wetu ulikuwa ukitafutwa kwa nguzo na vigae vya mbao kwa kuwa mchwa hauupendi.

Jumamosi, 10 Mei

Nilidhani maneno yamekamilika. Mstari mpya wa kwanza ulikuwa: "Londiani ilizaliwa na kuni." Niliuonea fahari.

Rafiki yangu mmoja, Mkipsigis, aliusoma akanyamaza. Kisha akasema, "Twende ukamwone baba yangu mkubwa." Tulipanda pikipiki hadi ukingoni mwa msitu wa Mau. Mzee ni Mogiek kwa upande wa mama, yaani wa jamii ya Ogiek, wenyeji wa msitu huu. Nilimwamkia "Chamgei", akaitikia, akanipa asali kwenye kifuniko cha chupa ya chai kabla ya neno lolote. Nikamsomea mstari wangu.

Akauliza, "Hizo kuni zilikuwa za nani?"

Sikuwa na jibu.

Akaendelea bila ukali. Mtarakwa, alisema, babu zake walichonga mizinga kwa mti huo, wakaitundika kwenye miti mirefu, na kila ukoo ulijua eneo lake, mlima hadi kijito. Mti uliokatwa kwa ajili ya tanuri ulikuwa na mzinga juu yake, au ulikuwa wa kuchongewa mzinga, au maua yake yalikuwa malisho ya nyuki. Reli ilipewa ukanda wa maili moja kila upande, na zaidi ya ukanda huo msitu ukawa wa Idara. Ogiek wakaambiwa ni wavamizi. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine, kana kwamba hawana kwao. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba haki zao katika Mau zilikiukwa, na 2022 ikaagiza walipwe fidia na kurudishiwa ardhi yao. Mzee anajua tarehe hizo kwa kichwa.

Nimerudi na aibu, na pia na shukrani. Nilikuwa nimekasirika kwamba babu yangu amefutwa, nami nikawa karibu kumfuta babu wa mwingine. Sehemu ya kwanza ya ubao sasa itakuwa ya msitu kabla ya shoka: nyuki, mizinga, mipaka ya koo, malisho ya Kipsigis. Kuni zitakuja za pili. Gavana wa kikoloni hatakuwapo kabisa, nafasi haitoshi.

Jumamosi, 31 Mei

Kikao cha kamati yetu ya ubao kimechukua saa tatu. Suala: tuishie wapi? Baadhi walitaka tuishie 1963. Mimi nilitaka tufike kwa Shosho, kwa sababu kijiji chake kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipoamuru wakazi watoke misituni. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Aliondoka na mabati ya paa na kuku.

Tumekubaliana kuweka mstari wa miaka bila kulaumu mtu. 1957, chuo cha misitu kinafunguliwa hapa Londiani, na tangu hapo karibu kila ofisa wa misitu nchini amepitia vumbi letu. 1999, ukataji miti katika misitu ya serikali unapigwa marufuku isipokuwa kwa kampuni chache kubwa, na mashine ndogo za mbao katika miji kama yetu zinanyamaza. 2018, marufuku nyingine. Julai 2023, inaondolewa. Desemba 2021 tumeweka pia: gari la abiria la Nairobi hadi Kisumu kurudi baada ya miaka mingi ya ukimya. Mama mmoja wa kamati alisimama kulishangilia siku hiyo, na alilia tena alipolitaja kikaoni.

Ofisi moja niliyoiandikia mara tatu kuomba ruhusa ya kupiga picha ya jengo la zamani bado haijajibu. Nitachora kwa mkono.

Jumamosi, 14 Juni

Ubao umetundikwa.

Mbao zilikauka vizuri, moja tu ilipinda kidogo, fundi akaibana kwa ubavu nyuma. Rangi nyeupe mikono miwili, maandishi meusi, na mchoro wa reli kwa kahawia ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia jinsi inavyopanda kweli kutoka Kisumu. Mzinga uko juu kabisa, nimeuchora kutokana na ule wa Mzee. Picha ya rundo la kuni iko chini ya kioo. Injini ni ndogo, upande wa kulia, kwa sababu nilitaka jicho la mtoto lianze kwenye mti na mtu kabla halijaifikia.

Mstari wa kwanza sasa unasomeka: "Hapa palikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na wenyewe. Mwaka 1901 ilikuja reli yenye njaa ya kuni."

Shosho aliletwa kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Hakuweza kusoma kwa sababu ya macho, kwa hiyo msichana wa darasa la sita alimsomea ubao wote kwa sauti, taratibu. Alipofika kwenye kamba ya paji la uso, Shosho alipeleka mkono kwenye paji lake mwenyewe, akauacha hapo hadi sehemu hiyo ikaisha. Kisha akaomba asomewe tena.

Chini ya ubao nimeacha futi mbili nyeupe bila neno. Tumetangaza kanisani, msikitini na sokoni kwamba yeyote ambaye mzee wake alikata kuni za reli, au alipanda miche, au alirina asali katika msitu huu kabla ya hapo, alete jina. Nilitarajia majina matano au sita kwa wiki ya kwanza. Kufikia jioni hii nina karatasi 31. Moja imeandikwa kwa penseli nyuma ya risiti ya mbolea: jina la mwanamume, neno "kuni", halafu jina la mkewe, na kando yake "alibeba".

Futi mbili hazitatosha. Jumatatu nitapita kwa yule fundi niulize kama bado ana mbao za mkupuo uleule.